Sasisho la KB5034441 limegoma na kosa 0x80070643: ni lazima nipige window upya?

DadaSteshenari (Makambako), 22 Januari 2024

Wakuu habari za kazi.

Nina steshenari hapa Makambako, upande wa stendi. Januari ndiyo mwezi wangu: wazazi wa watoto waliochaguliwa kidato cha kwanza wanakuja na jina la shule, naingia mtandaoni natafuta fomu ya kujiunga, naprinti, natoa kopi ya cheti cha kuzaliwa, wanaondoka. Saa mbili asubuhi benchi la nje limeshajaa. Kompyuta ninayoitegemea ni moja tu. Ikisimama, na duka limesimama.

Mashine yenyewe ni desktop ya mtumba, RAM GB 8, diski ya kawaida ya GB 500, si SSD. Ina Windows 10 Pro, toleo 22H2. Haijawahi kunisumbua. Lakini tangu masasisho ya tarehe 9 Januari yatoke, kuna moja limekataa kabisa. Kila nikifungua Windows Update nakuta hivi:

2024-01 Security Update for Windows 10 Version 22H2 for x64-based Systems (KB5034441)
There were some problems installing updates, but we'll try again later (0x80070643)

Masasisho mengine ya mwezi huu yameingia vizuri, ni hili tu. Nimeizima na kuiwasha upya, nimeendesha Troubleshooter, nimefanya `sfc /scannow` ikasema haioni kasoro, nimefanya ile DISM ya RestoreHealth ikafika asilimia mia, na folda ya SoftwareDistribution, inayohifadhi masasisho yanayopakuliwa, nimeifuta ikajitengeneza upya. Nafasi si tatizo, C ina zaidi ya GB 200 tupu.

Fundi wa hapa jirani ameitazama akasema Windows imeoza, dawa yake ni kupiga window mpya, yaani kufuta diski na kusakinisha Windows upya, elfu thelathini. Hela si kitu kikubwa sana, kinachoniuma ni vilivyomo. Humo mna katiba za vikoba, mihtasari ya vikao, barua za maombi, na CV za watu wanaorudi baada ya mwaka na kuniuliza, "Dada, ile yangu bado unayo?" Halafu kuna printa kubwa ambayo CD ya draiva zake sijui iko wapi.

Naomba kujua mambo mawili. Kuna hatari gani nikiliacha hivi? Na kweli hakuna njia nyingine zaidi ya kupiga window?

---

Mkazi_wa_Area_C, 22 Januari 2024

Dada usijitese. Fungua Services, tafuta Windows Update, weka Disabled, maisha yaendelee. Mimi yangu nimeizima tangu nimeinunua, na inafanya kazi kuliko za ofisini.

---

fundi_mwanjelwa (Mbeya), 22 Januari 2024

Dada pole na foleni, na asante kwa kuandika namba zote mbili, ya sasisho na ya kosa. Mtu akija na namba hizo, nusu ya kazi ameshaifanya yeye.

Nianze na mkuu wa Area C. Naomba dada asiufuate ushauri huo. Kompyuta ya steshenari inachomekwa fleshi za mji mzima kutwa nzima: ya mwanafunzi, ya mchungaji, ya mtendaji wa kijiji. Hakuna mashine inayohitaji masasisho kuliko hiyo. Ukizima huduma nzima kwa sababu ya sasisho moja lililogoma, umezuia na yale yanayoingia vizuri, na ndiyo yanayomlinda. Dada, hakikisha KB5034122 imo kwenye Update history. Hiyo ndiyo furushi kuu la Januari kwa Windows 10. Au andika `winver`, ukiona 19045.3930 ujue ulinzi wa mwezi huu unao.

Sasa hili lililogoma. KB5034441 si sasisho la Windows unayofanyia kazi. Ni la WinRE, yaani mazingira ya uokoaji: ile skrini ya bluu yenye Troubleshoot na Startup Repair inayokuja kompyuta ikishindwa kuwaka. WinRE inakaa kwenye patisheni yake, yaani kipande cha diski, ndogo iliyofichwa, huwezi kuiona kwenye This PC. Ifikirie kama stepni iliyo kwenye buti la gari: sasisho limekuja na stepni kubwa zaidi, na buti halitoshi. Ndiyo maana C yako ina GB 200 na bado linagoma. Nafasi inayotafutwa haipo C. Inatafutwa kwenye patisheni ile ndogo, na maelezo ya Microsoft yanasema inahitaji MB 250 zilizo wazi.

Kinachowapoteza watu ni namba. 0x80070643 maana yake ni "usakinishaji umeshindikana", basi, haisemi kwa nini. Utaikuta kwenye .NET, utaikuta kwenye Defender. Kwenye ukurasa wa sasisho hili wameandika wenyewe kwamba mashine ambazo patisheni haitoshi zilitakiwa kuonyesha CBS_E_INSUFFICIENT_DISK_SPACE, yaani nafasi haitoshi, lakini zinaweza kuonyesha hiyo 0x80070643. Kwa hiyo sfc, DISM na kufuta SoftwareDistribution ni njia nzuri, ila kazi yake ni kurekebisha mafaili yaliyoharibika, na kwako hakuna kilichoharibika.

Kuhusu hatari. Tundu linalozibwa linaitwa CVE-2024-20666. Linamwezesha mtu aliyeshika kompyuta yako mkononi kupita WinRE na kuuvuka ulinzi wa BitLocker, yaani kufuli la Windows linalosimba diski nzima. Haliji kwa mtandao, haliji kwa fleshi. Na kama BitLocker hujaiwasha, hakuna ulinzi wa kuvuka: mwizi atachomoa diski aisome kwenye mashine nyingine. Kwa hiyo kwako halina haraka. Likiendelea kuonekana kwenye orodha halitazuia masasisho mengine.

Na elfu thelathini usitoe. Sisemi hivyo kwa kumsema fundi mwenzangu. Nasema hivyo kwa sababu akipiga window kwa fleshi aliyonayo siku zote, kisakinishi kinaweza kutenga patisheni ya uokoaji ndogo vilevile, na sasisho hilihili likagoma tena juu ya window mpya. Utakuwa umepoteza hela, draiva na siku ya biashara, na kosa lipo palepale. Naona mashine nyingi zikifutwa bila sababu, na kila inapofutwa kuna kazi ya mtu inapotea ambayo hairudi. Kufuta diski ni hatua ya mwisho kabisa, baada ya mtu kujua kilichoharibika.

Ukitaka litoke kwenye orodha, linatoka bila kugusa katiba za vikoba. Ila nataka kuona diski yako kwanza. Tafuta cmd, bofya kitufe cha kulia, chagua Run as administrator, andika moja moja:

`reagentc /info`
`manage-bde -status C:`
`diskpart`
`list disk`
`select disk 0`
`list partition`
`exit`

Hapo tunaangalia tu, hakuna kinachobadilika. Leta kinachotokea.

---

DadaSteshenari, 22 Januari 2024

Asante sana fundi. Kwa mara ya kwanza nimeelewa kwa nini C ina nafasi na bado linalalamika. KB5034122 ipo, na winver imeonyesha 19045.3930 kama ulivyosema.

Majibu haya hapa:

Windows RE status: Enabled
Windows RE location: \\?\GLOBALROOT\device\harddisk0\partition4\Recovery\WindowsRE

BitLocker imeandika Protection Off.

Partition 1, System, 100 MB
Partition 2, Reserved, 16 MB
Partition 3, Primary, 465 GB
Partition 4, Recovery, 505 MB

Kwenye list disk, Disk 0 ina alama ya nyota chini ya neno Gpt.

Ningependa litoke. Mteja akiona ile alama kwenye skrini ananiuliza kama kompyuta ina virusi.

---

fundi_mwanjelwa, 23 Januari 2024

Dada, mpangilio wako ni mzuri: Recovery iko mwisho, imepakana na C. Tutakata kipande kidogo cha C, tuondoe Recovery ya sasa, tutengeneze nyingine pana zaidi palepale.

Kabla ya chochote, nakili kazi za wateja kwenye diski ya nje. Amri zenyewe hazigusi mafaili yako, lakini mtu anayegusa patisheni bila nakala anacheza na jasho la watu. Pili, usifanye saa za kazi, na usifanye bila UPS. Kwa mgao huu wa umeme, ukikatika katikati ya kukata C utakuwa na tatizo kubwa kuliko ulilokuja nalo. Kama huna UPS, azima.

Fungua cmd kama msimamizi, kisha:

`reagentc /disable`

Amri hii inaizima WinRE na kulirudisha faili lake ndani ya Windows. Sasa hapa ndipo pa kusimama. Maelezo mengi yanayozunguka mitandaoni yanaparuka hapa:

`dir /a C:\Windows\System32\Recovery`

Lazima uone jina Winre.wim kwenye orodha hiyo. Ni faili lililofichwa, ndiyo maana ya hiyo /a. Ukiliona, endelea. Usipoliona, acha hapohapo, andika `reagentc /enable`, urudi hapa. Ukiifuta patisheni wakati faili halijarudi, umeitupa WinRE yenyewe, na itabidi tukalitafute kwenye ISO ya Windows, yaani faili la kusakinishia.

Ukishaliona:

`diskpart`
`select disk 0`
`list partition`
`select partition 3`
`shrink desired=500 minimum=500`

Maelekezo rasmi yanasema 250. Mimi natoa 500 kwa sababu C yako ina nafasi tele na sitaki urudie kazi hii sasisho la namna hii likija tena. Ikikataa kupunguza, toka, andika `powercfg /h off`, washa upya ujaribu tena. Faili la hibernation mara nyingi ndilo linalozuia.

`select partition 4`

Simama tena. Andika `list partition` uangalie nyota iko mstari upi. Iwe kwenye ile ya Recovery yenye MB 505. Diskpart haikuulizi "una uhakika?" Inafuta ulichochagua. Nyota ikiwa mahali pake:

`delete partition override`
`create partition primary id=de94bba4-06d1-4d40-a16a-bfd50179d6ac`
`gpt attributes=0x8000000000000001`
`format quick fs=ntfs label="Windows RE tools"`
`exit`
`reagentc /enable`
`reagentc /info`

Ule mstari mrefu wa herufi na namba unauambia mfumo kwamba hii ni patisheni ya uokoaji. Unakili na kuubandika, usiuandike kwa mkono, kosa la herufi moja linatosha kuharibu. Amri ya gpt attributes inaizuia isijipe herufi ya diski ikaonekana kwenye This PC, mteja asije akahifadhi CV humo. Hizi mbili ni za diski ya GPT, mpangilio mpya wa diski, kama yako. Mwenye diski ya MBR, mpangilio wa zamani usio na nyota chini ya Gpt, anaandika `create partition primary id=27` na kuiruka ile ya attributes.

Mwisho reagentc iseme Enabled, halafu nenda Windows Update ubonyeze Retry.

---

MwlWaTehama (Njombe), 24 Januari 2024

Fundi, naomba nijibanze hapa maana naona unajibu kwa moyo. Nafundisha TEHAMA sekondari. Maabara yetu ina kompyuta za msaada, za zamani kidogo, Windows 10. Kadhaa hazipokei masasisho kabisa, zinatoa 0x80072f8f. Nimefuata hatua za SoftwareDistribution, hola. Cha ajabu, kwenye mashine hizohizo hata tovuti nyingi hazifunguki, zinasema muunganisho si salama. Intaneti ni ileile inayotumika kwenye nyingine.

---

fundi_mwanjelwa, 24 Januari 2024

Mwalimu, karibu sana. Angalia kona ya chini kulia ya hizo mashine, inasoma mwaka gani?

---

MwlWaTehama, 24 Januari 2024

Moja inasoma 2012. Nyingine 2015. Wanafunzi huwa wanairekebisha, kesho yake inarudi nyuma tena. Sikuwahi kufikiri inahusiana na masasisho.

---

fundi_mwanjelwa, 24 Januari 2024

Inahusiana moja kwa moja. Kompyuta ikiongea na seva ya masasisho, seva inaonyesha cheti chake cha usalama, na cheti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Mashine inayoamini tupo 2012 inakitazama cheti kilichotolewa 2023 na kuona bado hakijaanza kutumika, inakikataa. Ndiyo hiyo 0x80072f8f, na ndiyo hizo tovuti zisizofunguka.

Kinachorudisha saa nyuma ni betri ya ubao mama, ile bapa ya duara iliyoandikwa CR2032. Ikifa, umeme ukizimwa ukutani saa inasahau. Zinauzwa hata kwa mafundi saa. Kabla ya kuitoa, ingia BIOS, ile mipangilio ya ubao mama inayofunguliwa kabla ya Windows, upige picha ya simu ukurasa wa Boot Mode na wa SATA. Baadhi ya mashine zikitolewa betri zinarudi kwenye mipangilio ya kiwandani, na kama Windows iliwekwa kwa UEFI halafu ikarudi Legacy, au SATA ikahama kutoka AHCI, haitawaka na utadhani umeiua. Chomoa waya wa umeme, badilisha betri, rudisha tarehe na mipangilio ndani ya BIOS, kisha washa.

Kwa kuwa bando la shule naamini ni la kuhesabu: Settings, Update & Security, Delivery Optimization, washa Allow downloads from other PCs, chagua PCs on my local network. Fanya hivyo mashine zote, halafu anza na moja mpaka imalize kupakua, ndipo ziingie nyingine. Sehemu kubwa watachukuliana ndani kwa ndani bila kutoka nje kila moja kwa bando lake. Usichague ile ya mtandao wa nje, itagawa na kwa watu usiowajua kwa bando la shule.

---

DadaSteshenari, 29 Januari 2024

Fundi na wakuu wote, limeingia.

Nimefanya jana Jumapili baada ya ibada, duka nimefunga, UPS nimeazima kwa jirani wa M-Pesa. Nakala nilishatoa Jumamosi usiku. Kwenye dir nimeliona Winre.wim, baiti milioni mia nne na kitu, ndipo nikaendelea. Shrink ilikataa mara ya kwanza ikasema nafasi ni ndogo kuliko niliyoomba, nikafanya ile powercfg, nikawasha upya, ikakubali. Pale kwenye partition 4 nilimwita mdogo wangu asome mstari wenye nyota kwa sauti huku mimi natazama.

Ya uokoaji sasa inasoma 1005 MB. reagentc inasema Enabled, partition4. Nikabonyeza Retry, likapita. Katiba zote zipo, printa haijui hata kama kuna kitu kimefanyika. Na nimemwonyesha yule fundi wa jirani uzi huu, ameusoma wote, ameomba nimprintie.

Swali dogo: hii Windows 10 nitaendelea nayo mpaka lini? Mashine haina uwezo wa kuchukua 11.

---

fundi_mwanjelwa, 29 Januari 2024

Hongera sana dada, umeifanya kwa utulivu kuliko mafundi wengi. Na huyo fundi wa jirani msalimie, akikwama aje hapahapa.

Windows 10 inapata masasisho ya kawaida hadi tarehe 14 Oktoba 2025. Una zaidi ya mwaka na nusu wa kujipanga. Januari mbili kama hii zikikupa faida, weka pembeni kidogo kidogo, ukinunua nyingine uliza kabisa kama prosesa ipo kwenye orodha ya Windows 11 na kama ina TPM 2.0, yaani chipu ya usalama. Muuzaji akijibu "inaingia tu", mwambie akuonyeshe.

---

mwana_likoni (Mombasa), 14 Mei 2024

Salamu kutoka huku Likoni. Niko na cyber, mashine za watu wa eCitizen (huduma za serikali mtandaoni) na KRA (mamlaka ya kodi) asubuhi hadi jioni, na hii KB5034441 imenifuata tangu Januari. Nilikuwa nangoja Microsoft watoe dawa yenyewe, lakini sasa wameandika kwamba kwa Windows 10 suluhisho la kujifanya lenyewe halitakuja, ni kazi ya mkono. Basi nikaufuata uzi huu. Mashine mbili zimekubali bila matata.

Ya tatu imenitia wasiwasi, nikasimama. Mpangilio wake uko kinyume:

Partition 1, Recovery, 499 MB
Partition 2, System, 100 MB
Partition 3, Reserved, 16 MB
Partition 4, Primary, 237 GB

Hapa nikikata C, nafasi itatokea mwisho wa diski, na Recovery iko mwanzo. Hazigusani. Nifanyeje?

Na ya nne ni nzee, MBR, ina System Reserved ya 549 MB na C tu. reagentc inaniambia WinRE iko partition1, yaani humo ndani ya System Reserved.

---

fundi_mwanjelwa, 14 Mei 2024

Umefanya vyema kusimama, kaka. Huo ni mpangilio wa Windows 10 zilizosakinishwa kabla ya toleo 2004 (hiyo ni namba ya toleo, si mwaka). Kuanzia hapo ndipo kisakinishi kilianza kuiweka Recovery mwisho.

Ya tatu inawezekana, ila utaratibu unabadilika. Anza vilevile na `reagentc /disable` na kuhakikisha Winre.wim imo System32\Recovery. Kisha chagua partition 4 ukate 1000, maana hapa huna ya zamani ya kuunganisha nayo. Tengeneza patisheni mpya hapo mwisho kwa amri zilezile za id, attributes na format. Baada ya hapo ndipo uchague partition 1, uhakikishe ni Recovery, uifute kwa override. Ukiifuta ya zamani kwanza, unaipa diskpart mashimo mawili ya kuchagua, nayo inaweza kuijenga mpya kwenye shimo lilelile dogo. Na ukiiacha ya zamani bila kuifuta, reagentc inaweza kurudi kulekule ilikozoea. Zile MB 499 za mwanzo ziache tupu, hazina madhara. Malizia na enable na info, usome namba ya patisheni iliyotajwa, isiwe 1.

Ya nne usiguse System Reserved kabisa. Humo ndimo mna mafaili ya kuwashia kompyuta. Ukiifuta, haitawaka, na wateja wako wa KRA watakukuta na skrini nyeusi. Kama haina BitLocker, na kwa mashine ya umri huo sidhani kama inayo, sasisho hili halina cha kulinda pale. Liache lionekane, uendelee kupokea mengine ya kila mwezi.

---

mwana_likoni, 15 Mei 2024

Ya tatu imekubali leo alfajiri kabla sijafungua, info inasoma partition5. Ya nne nimeiacha kama ulivyonielekeza, manage-bde inasema Protection Off. Shukran sana fundi, na dada wa Makambako pia kwa kuandika hatua zake zote. Ile ya powercfg nimeihitaji kwenye mashine ya pili.